Jina la Kuita kwa Sauti

Gelasius wa Usevya alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache yalimtoka kwa taabu kama mwiba kwenye kisigino. Dukani alionyesha kitu kwa kidole, akalipa, akaondoka. Kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Watu hawakumchukia wala hawakumdharau. Walimzoea tu, kama mtu anavyouzoea mlango wa nyumba yake usiofungika vizuri.

Kwa hiyo siku ile ya mwezi wa tatu, walipokuwa wanarudi kutoka Mpanda mjini, alijishangaa mwenyewe kwa kuanza mazungumzo ndani ya basi lililojaa watu. Alikuwa amekaa na mkewe Tereza, mimba yake ina miezi sita na kitu. Walikuwa wamekwenda kupiga ultrasaundi, na dada wa kwenye mashine alikuwa amewaambia kwamba mtoto hana tatizo, na ni wa kike.

"Basi amerudi," Gelasius alisema.

"Nani?"

"Pudensiana."

Pudensiana alikuwa mama yake mzazi, aliyefariki miaka minne iliyokuwa imepita. Gelasius alilitaja jina lile huku anatabasamu peke yake, kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea siku nyingi. Alipogeuka kumtazama mkewe alimkuta ameelekeza uso dirishani. Hata walipopita hifadhini na abiria wengine wakainuka kumwangalia twiga aliyesimama kando ya barabara, yeye hakugeuza shingo.

Jina lile lilikuwa na uzito wake moyoni mwa Gelasius. Alipoanza darasa la kwanza alikuwa na aibu kiasi kwamba mwalimu akiita majina asubuhi, yeye alishindwa kuitika "nipo". Siku ya kwanza alichapwa. Siku ya pili alichapwa. Siku ya tatu mwalimu akasema labda mtoto huyu ni bubu, arudishwe nyumbani. Mama yake hakugombana na mtu. Kesho yake aliacha palizi, akatembea naye mpaka shuleni, akasimama nje ya dirisha la darasa na jembe lake begani. Jina la Gelasius lilipoitwa, mtoto akatazama dirishani. Mama akatikisa kichwa kidogo tu, kumkubalia. Mtoto akasema, "Nipo." Mama yule alisimama pale asubuhi tano mfululizo. Asubuhi ya sita alimwambia, "Majani yanamaliza mahindi yetu. Leo wewe tazama dirishani tu, mimi nipo hata usiponiona." Gelasius akasoma mpaka darasa la saba, akamaliza.

Mama wa namna hiyo, jina lake lilikuwa halijashikwa na mjukuu hata mmoja. Dada yake Gelasius, Verdiana, watoto wake walichukua majina ya ukoo wa mumewe. Kaka yao Nestori alikuwa na mabinti watatu, na kila alipozaliwa mmoja Gelasius alingoja kusikia jina la mama, akasikia jingine. Hakuwahi kulalamika. Lakini moyoni alikuwa amemhukumu mke wa Nestori, kwamba alimwona mama si kitu. Sasa wote wawili walikuwa wamemaliza kuzaa. Alibaki yeye, aliyekaa kwenye ndoa miaka kumi na moja bila mtoto, mpaka wengine wakaacha hata kumuuliza. Kama huyu wa kwake asingelibeba jina lile, basi hakukuwa na mwingine wa kulibeba.

Wiki zilizofuata nyumba ilikuwa na amani ya ajabu. Tereza alipika, alicheka na majirani, alimuuliza mumewe habari za shamba. Lakini jina likitajwa tu, alikumbuka kazi. Anakwenda kutafuta chumvi. Anakwenda kuangalia kuku. Verdiana ndiye aliyezidisha. Alipopata habari alifurahi hadi akalia, na tangu siku hiyo akija hamsalimii wifi yake kwanza, anaanza na tumbo.

"Mama hajambo humo ndani?" anauliza. "Mama, usimsumbue wifi yangu, unajua alivyo mwembamba."

Tereza alitabasamu kwa midomo tu. Gelasius aliona, akanyamaza, na kwa kunyamaza kwake akaanza kumfikiria mkewe vibaya, kama alivyomfikiria mke wa Nestori.

Mwezi wa nne mpunga ulianza kujaza punje, na ndege wakaja. Gelasius alijenga dungu katikati ya shamba, akafunga makopo kwenye kamba ndefu, akawa anakaa juu kutwa nzima akivuta kamba. Mchana mmoja Tereza alimletea chakula. Ugali, na samaki mkavu wa Ikola aliyeungwa na karanga. Gelasius alishuka chini ili mkewe asipate shida ya kupanda, wakakaa kwenye kivuli cha dungu.

"Naona wifi ameshalisambaza jina mpaka Kibaoni," Tereza alisema.

"Kwani ni siri?"

"Siyo siri. Ila mimi nataka jina lingine."

Gelasius alimega tonge. "Lipi?"

"Rozalia."

Tonge likabaki mkononi. Rozalia alikuwa mama yake Tereza, yuko hai, anaishi Mirumba, na wiki mbili tu zilikuwa zimepita tangu alete mafuta ya mawese ya kumpaka mtoto.

"Hilo haliwezekani," Gelasius alisema.

"Lipi haliwezekani?"

"Hilo ulilosema."

"Si lina jina? Litaje."

"Tereza, tule kwanza."

"Tunakula. Kula huku unanijibu. Mtoto ameanza kutembea, amelifuata sufuria la maji ya moto. Mimi niko kisimani. Wewe ndiye umemwona. Haya, mwite."

Gelasius alifungua mdomo, ukabaki wazi. Kwao mkwe hatajwi. Mwanaume halitamki jina la mama mkwe wake, kama vile hali naye sahani moja, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja anaingia majanini mwenzake apite. Miaka kumi na moja alikuwa amemwita "Mama wa Mirumba". Sasa alilitafuta lile jina mdomoni, akalikuta, lakini ulimi ulikataa kulisogelea.

"We mtoto," alisema mwisho.

"Mtoto yupi? Wa jirani Cecilia nao wako hapo uani."

"We binti."

"Ameshaungua huyo," Tereza alisema, akacheka. Gelasius naye akacheka kwa aibu. Kisha aliona kicheko cha mkewe kimekatika ghafla na macho yamejaa maji.

"Umeona?" Tereza alisema. "Wewe ni dakika moja tu, jasho limekutoka. Sasa niambie, mimi mama yako umenisikia nimemtaja lini?"

Gelasius alifikiri. Alirudi nyuma mwaka hadi mwaka, akatafuta, hakupata. Pale kwenye jumuiya yao kulikuwa na mama mmoja aliyeitwa pia Pudensiana, na Tereza alikuwa akimwita Mwenyekiti, hata baada ya mama yule kuuacha uenyekiti. Gelasius alidhani ni heshima. Siku ya msiba, wanawake walipokuwa wanalia na kulitaja jina la marehemu, Tereza alilia "mama, mama" tu, usiku kucha, mpaka sauti ikaisha. Yote hayo alikuwa ameyaona kwa macho yake, na asiyaone. Desturi aliijua vizuri kwa upande wake. Lakini ilikuwa kama gogo linalobebwa na watu wawili. Bega lako linajua uzito wa ncha uliyoishika wewe.

"Ndiyo maana hata mke wa kaka Nestori..." alianza.

"Yule?" Tereza alifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Yule alimpenda mama kuliko sisi wote. Alilia mimba tatu kwa jambo hilihili. Nyie wanaume mlikuwa mnamwangalia kwa jicho baya, na yeye anaona. Ukamuulize."

Gelasius aliweka tonge sahanini. "Lakini wapo wanaofanya. Mtoto anapewa jina la mkwe, mama yake anamwita Bibi tu. Si wapo?"

"Wapo. Na mimi ningeweza, ningekuwa na watoto wanne watano wengine wa kuwaita." Tereza alishika tumbo. "Miaka kumi na moja nimeita kuku. Nimeita mbuzi. Sasa Mungu amenipa mtu, na huyo mtu nimwite Bibi? Mimi nataka nisimame mlangoni niite jina, aitike. Asipoitika niite tena, mpaka majirani waniambie, mama fulani, umetuchosha. Mama fulani, si Mama Bibi. Na wewe nitakuitaje? Baba nani? Hata wewe sitakuwa na jina la kukuita."

Tereza alikusanya vyombo, akaviweka kwenye ndoo, akajitwisha. Alipofika kwenye mpaka wa shamba alisema bila kugeuka, "Sijakataa mama. Usije ukaniwekea hilo moyoni." Akaenda zake. Ndege walishuka kwenye mpunga kama mvua, wakala, na kamba ya makopo ilikuwa imelala chini.

Jumapili baada ya misa Gelasius alipita kwa dada yake. Alimweleza kwa maneno machache, na Verdiana alisikiliza huku anachambua mboga.

"Hilo jambo dogo," Verdiana alisema. "Mkwe anafunguliwa mdomo. Anapewa kuku au kanga, anaambiwa kuanzia leo nitaje. Wala siyo mwiko wa kuua mtu."

"Anayempa ni nani?"

"Si mama mkwe mwenyewe? Nani tena?"

"Mama aliwahi kumpa Tereza?"

Mikono ya Verdiana ilisimama juu ya ungo. "Hakumpa," alisema taratibu. "Nani alijua kama ataondoka mapema vile? Na sisi hatuwezi kutoa ruhusa isiyo yetu." Kisha Verdiana akarudia mboga zake. "Lakini na wewe, mdogo wangu. Siku hizi wanawake ndio wanaokata shauri la jina? Ungekuwa na sauti kidogo tu, mke asingekupanda kichwani."

"Dada," Gelasius alisema, "mke wangu muache."

Verdiana alimtazama kwa muda, maana katika maisha yake yote mdogo wake huyu hakuwahi kumwambia acha. "Haya baba," alisema. "Nimemuacha. Chukua mchicha huu umpelekee."

Alirudi nyumbani jua linashuka. Tereza alikuwa amesimama mlangoni, hakumwona mumewe anakuja kwa nyuma ya banda. Ilikuwa saa ile ambayo watoto wanaitwa warudi. Jirani yao Cecilia alikuwa anamwita Edgar, na Edgar anaitika bila kutoka anakocheza. Upande wa pili mama mwingine anamwita Zablon kwa hasira, mara tatu, mara nne, na jina lake lote la kipaimara. Kila nyumba ilikuwa na jina lake hewani. Gelasius alikuwa ameisikia saa hiyo kila siku ya maisha yake, na hakuwahi kuisikiliza. Tereza alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, anasikiliza. Midomo yake ilisogea kidogo, kama ya mtu anayefuatisha wimbo ambao hajui maneno yake. Kisha akaingia ndani kuwasha jiko.

Gelasius alibaki nyuma ya banda na mchicha wake mkononi. Alimfikiria mama yake pale dirishani na jembe begani. Alijaribu kumuuliza angependa nini, na jibu alilolipata halikuwa la maneno. Aliona tu kile kichwa kikitikisika kidogo.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Pontien, katekista, mwenye kalenda ya watakatifu ukutani, akaomba kuisoma. Alianza Januari. Alisoma kwa kidole, polepole, kwa sababu tangu amalize shule hakuwa na vitu vingi vya kusoma.

"Unamtafuta nani humo, Gelasius?" Pontien aliuliza baada ya kumwona amefika Machi.

"Mtu ambaye siyo ndugu yetu."

Pontien alicheka sana, lakini Gelasius hakuwa anatania. Kila jina alilipima. Hili ni la shangazi yake Tereza, hapana. Hili ni la bibi mzaa baba, hapana. Hili la mke wa Nestori, hapana. Mpaka alipofika Desemba alikuwa ameandika majina matatu kwenye kipande cha boksi la sabuni, majina ambayo hayakuwa na mwenyewe kwao wala kwa kina Tereza. Yeyote angeweza kuyatamka mchana kweupe.

Alimpa Tereza kile kipande bila kusema kitu, akakaa kwenye kigoda akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Tereza alisoma. Akasoma tena.

"Na lile lako?" aliuliza.

"Lile lina mwenyewe," Gelasius alisema.

Tereza alikuja akakaa karibu naye chini, kwa taabu, mkono mmoja begani kwake. "Wewe mdomo wako haukukatazwa," alisema. "Mkiwa wawili tu, shambani huko, mwite unavyotaka. Mimi sitasikia kitu."

Gelasius alitikisa kichwa kukubali.

"Haya," Tereza alisema, akajifuta pua, "sasa tuyapime. Jina halipimwi kwa karatasi. Nenda kule mwisho, penye shimo la matofali. Ukisikia vizuri nyoosha mkono. Usiposikia vizuri, usinionee huruma."

"Saa hizi? Watu watatuonaje?"

"Watatuona wazima. Nenda."

Gelasius alikwenda. Alipita banda la mbuzi, akapita bustani ya mchicha, akasimama ukingoni mwa lile shimo walilochimba udongo wa nyumba yao mwaka wa kwanza wa ndoa. Aliangalia kulia na kushoto kama mwizi. Kule mlangoni Tereza alikuwa amesimama wima, tumbo mbele, kile kipande cha boksi mkononi.

"Editrudaaa," Tereza aliita.

Sauti ilifika bandani, ikakatika katikati. Gelasius hakunyoosha mkono. Tereza aliangalia karatasi.

"Apoloniaaa."

Hilo lilifika, lakini lilikuwa limechoka. Gelasius alinyoosha mkono nusu, akaushusha. Wakati huo Cecilia alikuwa ametoka jikoni kwake na mwiko mkononi.

"Jirani, mna mgeni?"

"Tunaye," Tereza alimjibu. "Bado yuko njiani."

"Sasa unamwita wa nini? Muache atembee, atafika."

"Asije akapitiliza nyumba."

Cecilia aliangua kicheko, akaegemea ukuta wake kuona mwisho wa jambo lile. Watoto wake nao wakatoka. Gelasius alitamani lile shimo limmeze, lakini alibaki pale pale. Tereza alivuta pumzi, akaweka kiganja kando ya mdomo.

"Jenerosaaa."

Jina lilitoka mlangoni, likapita banda la mbuzi, likapita mchicha, likamfikia Gelasius kifuani, likaendelea nyuma yake kuelekea mashamba ya mpunga, na huko nako likasikika kidogo. Tereza aliweka mkono juu ya macho kuzuia jua, akasubiri ishara. Gelasius alianza kuinua mkono. Lakini aliona jinsi mkewe alivyosimama, amenyoosha shingo, amengoja kama mtu ambaye amengoja muda mrefu kuliko dakika ile, na mkono aliona hautoshi.

"Abee, mama," aliitika.

Aliitika kwa sauti kubwa, kama binti anavyomwitikia mama yake, mbele ya Cecilia na watoto wake wote. Watoto walianguka kwa kucheka. Cecilia alipiga mwiko kwenye kiganja akasema shemeji kumbe ana sauti, alikuwa anatuficha tu. Tereza hakucheka. Aliweka mkono tumboni, akaita tena, safari hii taratibu zaidi, kana kwamba halikuwa jaribio.

"Jenerosa. Njoo ule, uji unapoa."

"Nakuja," Gelasius alisema, akaanza kurudi nyumbani.